Sauti Iliyoandikwa na Chombo Kisichoisoma

Huenda msomaji amepata kuliona jambo hili mahali akaapo. Mzee wa ukoo anasimulia habari za zamani, jinsi mababu walivyohama na jinsi walivyopata mashamba yao, na mjukuu wake anaweka simu mbele yake ili iyashike maneno yote na kuyahifadhi. Baada ya miaka michache mzee anafariki. Siku jamaa wakutanapo, mjukuu anaitoa ile kadi ndogo katika simu, anaitia katika redio ya mkononi, ile isomayo kadi, ili watu wote waisikie sauti ya marehemu. Redio inapiga nyimbo zote zilizomo katika kadi, mmoja baada ya mmoja. Lakini ifikapo penye maneno ya mzee inayaruka, kana kwamba hayamo. Wengine husema, Kadi imeharibika. Wengine husema, Maneno yamefutika. Kumbe kadi ni nzima, na maneno yamo yote, halikupungua hata moja. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: sauti ile iliandikwa kwa hati moja, na redio ile imefundishwa kusoma hati nyingine.

Jambo hili si geni, wala si kosa la redio za bei rahisi peke yake. Lina historia yake, nayo ni historia ya wataalamu wenye akili nyingi, ya makampuni yenye mali nyingi, na ya watu wengi waliotoa fedha zao wakanunua nyimbo ambazo baadaye hawakuweza kuzifungua. Inafaa tuifuate tangu mwanzo, maana hasara iliyowapata hao wa mbali yaweza kutupata hata sisi, na sisi twaweza kuiepuka.

Sauti nayo ina hati

Watu wa Pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa miaka mingi sana kabla ya shule kufundisha herufi za Kirumi. Barua iliyoandikwa hivyo zamani katika mji wa Lamu ni Kiswahili kitupu, tena Kiswahili kizuri. Lakini mtu aliyefundishwa herufi za Kirumi peke yake akiishika mkononi, haoni neno hata moja. Huona mistari na nukta tu. Akija mwingine ajuaye herufi zile na kumsomea, mara anafahamu yote. Basi ugumu haukuwa katika lugha, wala katika maneno, bali katika hati.

Ndivyo ilivyo na sauti iliyohifadhiwa. Wimbo ni ule ule, lakini waweza kuandikwa kwa namna nyingi, na kila namna huitwa fomati. Ziko fomati za MP3, WMA, AAC, ATRAC, Vorbis, Opus, na nyingine kadha wa kadha. Chombo cha mfukoni kichezacho muziki ni kama mtoto wa shule: husoma hati alizofundishwa, na asizofundishwa hazisomi hata zikiwa nzuri namna gani. Anayemfundisha ni kiwanda kilichokiunda. Nacho kiwanda huchagua, kwa kuwa kuongeza hati moja kwaweza kuwa na gharama: pengine ni malipo kwa mwenye haki ya hati hiyo, pengine ni kazi ya mafundi, na pengine ni ushindani tu, hata kiwanda hakitaki kusoma hati ya jirani yake.

Mwanzi wa Edison na santuri ya Berliner

Habari hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Katika mwaka wa 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza chombo cha kwanza kilichoweza kushika sauti ya mtu na kuirudisha. Sauti iliandikwa kwa sindano juu ya kitu cha mviringo kama kipande cha mwanzi, kwanza juu ya karatasi ya madini, na baadaye juu ya nta. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1887, Emile Berliner, mtu aliyezaliwa Ujerumani akahamia Marekani, alipata haki ya kuunda gramafoni. Yeye hakutumia mwanzi, alitumia sahani bapa, ndiyo santuri.

Tofauti yao haikuwa ya umbo tu. Sindano ya Edison ilichimba kwenda chini na juu, kama njia ipandayo na kushuka vilima. Ya Berliner ilikwenda kushoto na kulia, kama mto upindao katika tambarare. Katika mwaka wa 1912 Edison naye akatoa santuri bapa, lakini hakukubali kuiacha hati yake. Sindano ikaendelea kwenda chini na juu. Wengi waliozisikia santuri zile walizisifu kwa sauti yake safi. Walakini gramafoni ya kawaida haikuweza kuzisoma pasipo kuongezewa kifaa maalumu, wala chombo cha Edison hakikufanywa kwa ajili ya santuri za wengine. Hata mwaka 1929 kampuni ya Edison ikaiacha kabisa biashara ya santuri. Waliokuwa wamejaza kabati zao santuri za Edison wakabaki nazo, na hakuna mtu wa kuwatengenezea mpya.

Wakati uo huo hati ya Berliner ilikuwa imeenea duniani. Katika mwaka wa 1928 mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay, katika Bara Hindi, akaimba nyimbo za Kiswahili zikaandikwa katika santuri za HMV. Santuri zile zilirudi Pwani, na kila mwenye gramafoni ya kawaida aliweza kuzipiga, ingawa hakupata kumwona Siti wala kufika Bombay. Kilichomfikisha Siti katika nyumba za watu kwanza ni sauti yake. Lakini na hati iliyosomwa na vyombo vingi ilimsaidia. Tuyakumbuke hayo mambo mawili, Edison na sauti yake safi, na santuri za Bombay zilizopigwa popote, maana tutayaona tena.

Wataalamu wa Erlangen

Mwaka 1982 ilitoka namna mpya ya santuri, ndiyo CD. Katika CD sauti haichongwi kwa sindano, bali huandikwa kwa hesabu. Kila sekunde sauti hupimwa mara 44,100, kwa upande wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa alama 16 za 0 na 1. Alama moja huitwa biti. Ukizijumlisha, kila sekunde moja ya muziki hutumia biti 1,411,200. Wimbo wa dakika 4 huchukua nafasi ya megabaiti 42 na zaidi. Katika siku zile huo ulikuwa mzigo mkubwa mno. Mtu aliyetaka kuupeleka wimbo mmoja kwa waya za simu mwaka 1995, kwa kifaa chenye mwendo wa biti 28,800 kwa sekunde, angengoja zaidi ya saa 3.

Katika mji wa Erlangen, Ujerumani, alikuwako mwalimu wa chuo kikuu jina lake Dieter Seitzer, ambaye alitamani muziki upelekwe kwa njia ya simu. Mwanafunzi wake, Karlheinz Brandenburg, aliishika kazi hiyo, na pamoja na wenzake wa Taasisi ya Fraunhofer, na wataalamu wa nchi nyingine pia, akatafuta jinsi ya kuupunguza mzigo ule. Msingi wa maarifa yao ni jambo ambalo kila mtu aliyekwenda ngomani analijua: ngoma kubwa ikipigwa, mtu anong'onaye kando yake hasikiki. Sikio haliwezi kushika kila kitu. Basi wakafanya hesabu ya kutambua sauti zile ambazo sikio halitazisikia kwa kuwa zimefunikwa na nyingine, wakaziacha, au wakaziandika kwa biti chache. Brandenburg aliijaribu hesabu yake kwa wimbo wa Suzanne Vega uitwao Tom's Diner, unaoimbwa na sauti ya mtu peke yake pasipo ala. Maana sauti ya mtu ikiwa peke yake haina mahali pa kuficha kosa, na lililoharibika husikika mara moja.

Kazi yao ikaingizwa katika kanuni za baraza la wataalamu wa nchi nyingi liitwalo MPEG, lililoanzishwa mwaka 1988. Kanuni za sauti zilichapishwa mwaka 1993, nazo zilikuwa na tabaka tatu. Tabaka ya tatu ndiyo ya watu wa Erlangen na wenzao. Tarehe 14 Julai 1995 wakakubaliana kwamba faili la namna hiyo lipewe mwisho wa jina wa herufi tatu, .mp3. Wimbo wa dakika 4 ambao ulikuwa megabaiti 42, kwa MP3 ya biti 128,000 kwa sekunde ukawa kama megabaiti 4 tu. Mtu wa kungoja saa 3 sasa alingoja dakika 18.

Vyombo vya mfukoni vyatokea

Mwaka 1998 kampuni ya Saehan ya Korea ya Kusini ilitoa chombo kidogo kiitwacho MPMan, na mwaka uo huo kampuni ya Diamond ya Marekani ikatoa Rio PMP300. Kila kimoja kiliuzwa na nafasi ya megabaiti 32. Tupime nafasi hiyo. Kama muziki ungeandikwa kwa hesabu za CD, chombo kizima kisingechukua zaidi ya dakika 3. Hata wimbo mmoja usingekwisha. Kwa MP3 kilichukua kama nusu saa. Basi hapo twaona kwamba si chombo kilicholeta hati, ni hati iliyokiwezesha chombo kuwapo.

Chama cha makampuni ya muziki ya Marekani, kiitwacho RIAA, kilikwenda mahakamani mwezi wa Oktoba 1998 ili Rio isiuzwe. Kilishindwa. Mwezi wa Juni 1999 mahakama ya rufani ikaamua kwamba chombo kile hakikuvunja sheria iliyotajwa. Kazi yake ni kumwezesha mtu kuchukua na kutembea na nyimbo ambazo tayari anazo katika kompyuta yake.

Lakini makampuni yalikuwa na hofu ya kweli. Mwaka 1999 kijana Shawn Fanning alitoa programu iitwayo Napster, iliyowawezesha watu kupeana mafaili ya MP3 kwa intaneti bila malipo, na kwa muda mfupi mamilioni wakaitumia. Waimbaji na watungaji hawakupata hata senti katika kazi ile. Mahakama ikaingia kati, na mwezi wa Julai 2001 Napster ikazimwa. Hata hivyo wenye muziki walikuwa wameogopa, nao wakasema, Hatutauza wimbo kwa intaneti isipokuwa umetiwa kufuli.

Kufuli

Kufuli hiyo haikuwa ya chuma, bali ya hesabu. Faili la wimbo liliandikwa kwa siri, na chombo kilihitaji ufunguo ili kulisoma. Asiye na ufunguo, hata kama anaijua hati yenyewe, hakusikia kitu. Hivyo shida ikawa mbili: shida ya hati, na juu yake shida ya kufuli.

Kila kampuni ikatengeneza yake. Microsoft ilikuwa na hati ya WMA, iliyotoka mwaka 1999, na kufuli yake. Sony, ambayo katika mwaka wa 1979 ilikuwa imeupa ulimwengu Walkman ya kanda, ilishikilia hati yake ya ATRAC; kwa miaka kadha mtu mwenye MP3 alilazimika kwanza kuzigeuza ziwe ATRAC ndipo azitie katika chombo cha Sony. Ni katika mwaka wa 2004 ndipo Sony ilipoanza kuvifundisha vyombo hivyo kuisoma MP3 yenyewe.

Apple ilitoa iPod tarehe 23 Oktoba 2001, yenye nafasi ya kuweka nyimbo kama 1,000. Tarehe 28 Aprili 2003 ikafungua duka lake la nyimbo katika intaneti, wimbo mmoja kwa senti 99 za Kimarekani. Nyimbo zile ziliandikwa kwa AAC, ambayo ni kanuni ya wote na si mali ya Apple peke yake. Lakini Apple iliitia kufuli yake iitwayo FairPlay, na kufuli hiyo haikumpa mwingine ufunguo. Aliyenunua wimbo kwa Apple hakuweza kuupiga katika chombo cha Creative wala cha iRiver. Aliyenunua wimbo wenye kufuli ya Microsoft hakuweza kuupiga katika iPod. Ilikuwako njia ya kuzunguka, yaani kuuandika wimbo katika CD, kisha kuurudisha katika kompyuta kama MP3. Lakini ilikuwa kazi ya mkono, tena wimbo ulipungua uzuri wake, kama mtu anakilivyo si kutoka kitabu chenyewe bali kutoka nakala iliyokwisha kupunguzwa.

Mwezi wa Julai 2004 kampuni ya RealNetworks ilijaribu kuichonga funguo yake yenyewe. Ilitoa programu iitwayo Harmony, iliyowezesha nyimbo zilizonunuliwa kwake zipigwe katika iPod. Apple ilikasirika, na kabla ya mwaka kwisha ikabadili programu ya iPod zake mpya hata nyimbo zile zikakataliwa. Mnunuzi hakuwa na kosa. Alikuwa amelipa pande zote mbili, chombo amelipa na wimbo amelipa.

Hasara ya walionunua

Microsoft nayo, katika mwaka wa 2004, ilianzisha alama ya kuwatuliza wanunuzi, PlaysForSure, maana yake ni kwamba chombo chenye alama hii kitapiga kwa hakika nyimbo za duka lenye alama hii. Viwanda vingi vikaikubali, Creative na iRiver na Samsung miongoni mwao. Watu wakanunua kwa kuiamini alama. Kisha mwezi wa Novemba 2006 Microsoft yenyewe ikatoa chombo chake, Zune. Na Zune haikuweza kupiga nyimbo zilizofungwa kwa kufuli ya PlaysForSure. Aliyeitoa ahadi alikuwa wa kwanza kuiacha.

Tena si hayo tu. Microsoft ilikuwa na duka lake la nyimbo, MSN Music, ambalo iliacha kuuza mwezi huo wa Novemba 2006. Katika mwezi wa Aprili 2008 wanunuzi wake wakaandikiwa kwamba baada ya tarehe 31 Agosti mwaka ule hawatapewa funguo tena. Nyimbo zao zingeendelea kulia katika kompyuta zilizokwisha kuruhusiwa. Lakini mtu akinunua kompyuta mpya, nyimbo alizolipia zingekuwa bubu. Watu wakapiga kelele nyingi, na kampuni ikaongeza muda mpaka mwisho wa mwaka 2011.

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Ni kweli ya mahindi yaliyokaushwa vema na kuwekwa ghalani kwako. Lakini akiba ambayo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine, naye aweza kufunga duka lake na kwenda zake, hiyo yaweza kuoza usiku mmoja.

Kufuli zafunguliwa

Tarehe 6 Februari 2007 Steve Jobs, mkubwa wa Apple, alitoa waraka mbele ya watu wote. Alieleza kwamba hesabu ya nyimbo zilizouzwa na duka lake, ikigawanywa kwa hesabu ya iPod zilizouzwa, ni kama nyimbo 22 kwa kila iPod moja. Chombo cha kwanza kiliweza kuchukua 1,000, na vya baadaye zaidi. Basi nyimbo nyingine zote zilitoka wapi? Zilitoka katika CD za watu na katika mafaili mengine, nazo hazikuwa na kufuli hata kidogo. Alionyesha pia kwamba katika mwaka wa 2006 makampuni ya muziki yalikuwa yameuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 katika CD zisizo na kufuli, na chini ya bilioni 2 zilizofungwa kwa intaneti. Yaani walifunga dirisha na kuuacha mlango wazi.

Wengine walisema kwamba waraka ule ulikuwa wa kujitetea, kwa sababu katika nchi za Ulaya watu walikwisha kuanza kuilaumu Apple kwa kufuli yake. Yawezekana sababu zote mbili zilikuwapo. Lakini hesabu ilikuwa hesabu. Mwezi wa Aprili 2007 kampuni ya EMI ikakubali kuuza nyimbo zake bila kufuli. Mwezi wa Septemba mwaka ule Amazon ikafungua duka la MP3 tupu, zilizopigwa na kila chombo. Na mwezi wa Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba nyimbo zote za duka lake zitauzwa bila kufuli. Waliokuwa wamenunua zamani, wakitaka nyimbo zao zifunguliwe, walitakiwa kulipa senti 30 zaidi kwa kila wimbo. Ndipo watu wakaona bei ya kufuli: mtu alilipa ili afungiwe, akalipa tena ili afunguliwe.

Si uhuru peke yake, ni wasomaji

Pengine msomaji atasema, Basi MP3 ilishinda kwa kuwa ilikuwa bure. Sivyo. MP3 ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na hataza, yaani haki ya mgunduzi ya kulipwa na wanaotumia ugunduzi wake kwa miaka kadha. Mwezi wa Septemba 1998 Fraunhofer iliwaandikia watengenezaji wa programu kuwataka walipe. Kwa sababu hiyo Mmarekani Chris Montgomery akatia bidii kutunga hati nyingine, Vorbis, iliyo huru kwa watu wote bila malipo. Ilikamilika mwezi wa Julai 2002. Vorbis ilikuwa njema, na wengi waliipenda kuliko MP3. Lakini viwanda vilivyoifundisha kwa vyombo vyao vilikuwa vichache. Hapo twamkumbuka Edison na santuri zake zenye sauti safi. Hati isiyo na wasomaji, hata ikiwa nzuri, hukaa ghalani.

MP3 ilishinda kwa mambo mawili yaliyokutana: haikuwa na kufuli, na kila chombo kiliisoma. Ndiyo maana hata Sony na Apple na Microsoft, kila mmoja akiwa na hati au kufuli yake, wote mwishowe waliisoma MP3. Mwezi wa Aprili 2017 wenye haki zake waliufunga mpango wao wa kutoza malipo, kwa kuwa hataza zilikuwa zimekwisha muda, na tangu hapo hati hiyo haina mwenyewe wa kumlipa. Na iPod yenyewe, iliyokuwa mfalme wa vyombo vya mfukoni, Apple ilitangaza mwezi wa Mei 2022 kwamba haitaiunda tena. Chombo kimepita, hati imebaki.

Sasa tumrudie mzee wetu

Sasa twaweza kurudi kwa yule mjukuu na kadi yake. Simu nyingi za zamani ziliandika maneno kwa hati ya AMR, iliyotungwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Simu nyingi za sasa huandika kwa AAC, na faili lake huishia kwa M4A. Ujumbe wa sauti upelekwao kwa WhatsApp huandikwa kwa Opus, hati huru iliyokubaliwa kuwa kanuni mwaka 2012. Redio ndogo za kadi, nyingi zake, hati yao kubwa ni MP3. Kwa hiyo sauti ya mzee ilipita mbele ya redio kama barua ya Lamu mbele ya mtu asiyejua herufi zake.

Dawa yake si kubadili jina la faili. Wako vijana ambao huifuta M4A mwishoni mwa jina na kuandika MP3, wakidhani wamemaliza kazi. Hiyo ni kama kuandika juu ya bahasha ya barua ile, Hii ni herufi za Kirumi. Ndani haikubadilika kitu. Faili lazima ligeuzwe kwa programu, isome hati ya kwanza na kuiandika upya kwa hati ya pili. Kazi hiyo yaweza kufanywa katika kompyuta, na hata katika simu nyingi, na vijana wa vibandani wanaotia nyimbo katika kadi za watu wengi wao wanaijua.

Lakini faili la kwanza lisitupwe. Kila mara sauti iliyopunguzwa inapoandikwa upya kwa kupunguzwa tena, hupotea kidogo. Nayo sauti ya mtu ikiwa peke yake haina mahali pa kuficha kosa, kama Brandenburg alivyoona. Basi lile la kwanza litunzwe kama lilivyotoka, na nakala ya MP3 ndiyo itembee mikononi mwa watu. Tena nakala ziwe mahali zaidi ya pamoja, kwa sababu kadi nayo hufa. Na kila moja iandikwe jina la msemaji, mahali, na mwaka, kwa maana, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenye iPod na Zune walipoteza nyimbo, nazo nyimbo zaweza kununuliwa tena. Maneno ya mzee aliyekwisha kufariki hayauzwi katika duka lolote. Anayeyaandika leo na ajiulize swali moja kabla ya kuiweka kadi sandukuni: baada ya miaka ishirini, ni chombo gani kitaweza kuyasoma?